Samaki mgumu kufa

Kambale hafi ovyo. Aliyekulia Kanda ya Ziwa amemwona sokoni, yuko kwenye karai lenye maji ya kulowesha mgongo tu, jua la saa 6 mchana linamwakia, na bado akiguswa anapiga mkia mpaka mteja anaruka. Mvua zikinyesha anahama dimbwi hili kwenda lile kwa kujiburuta kwenye matope. Ndiyo maana nilipoanza kuuza vifaranga vyake kwa wavuvi wa sangara, hesabu zangu zote zilikuwa za chakula, usafiri na bei. Hesabu ya vifo sikuiweka. Mwaka wa kwanza niliua wengi kuliko niliouza, na hapo sitii chumvi. Chumvi yenyewe tutaifikia.

Kwa aliye mbali na Ziwa Victoria: sangara huvuliwa kwa nyavu au kwa migonzo, yaani kamba ndefu yenye mamia ya ndoano, inayotegwa jioni na kwenda kuangaliwa alfajiri. Kila ndoano hubeba samaki mdogo aliye hai, ametobolewa ngozi ya mgongo chini kidogo ya pezi ili aendelee kuogelea. Sangara hufuata kinachotikisika. Chambo kikifa saa 3 usiku, ndoano ile imelala mpaka asubuhi. Kambale mwenye urefu wa kidole anapendwa kwa sababu anaweza kutikisika usiku kucha. Furu naye hutumika, ingawa hana uvumilivu huo. (Furu walikuwa wengi kuliko samaki wengine wote ziwani kabla sangara hajaletwa miaka ya 1950 na 1960 na kuwafyeka. Leo tunamtundika furu kwenye ndoano tumnase aliyemmaliza. Sijui furu mwenyewe angelionaje jambo hilo.)

Chambo hicho kwa miaka mingi kilitoka kwenye mafunjo kwa kokoro, wavu wa kukokota, ambalo limepigwa marufuku kwa sababu linazoa kila kitu, watoto wa sato wakiwemo. Bado lipo, usiku, kwa kuibia. Anayefuga chambo kwenye matangi anauza kilekile bila kufyeka mazalia. Mimi niliingia hapo: matangi matatu ya saruji nyuma ya nyumba, Igombe, kila moja lita 3,000. Haukupita mwezi wavuvi wakawa wananiita mama chambo.

Tangi la kwanza lilipokamilika, fundi alisema liachwe wiki moja likauke. Nikaliacha wiki moja. Nikajaza maji ya ziwa yaliyotulia, meupe, unaona mpaka sakafu. Nikamimina vifaranga 500. Ndani ya saa moja walikuwa wanakimbia kwa mzunguko kama waliomwagiwa pilipili, wengine wanaruka nje, ngozi zimeanza kutoa ute mweupe. Jioni nilikuwa nawazoa kwa beseni.

Nilichokosa kujua ni kwamba saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji kwa muda mrefu. Chokaa hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji: namba ikipanda, uchachu umepungua), na kwenye tangi changa inaweza kufika 11, wakati samaki wengi wa maji baridi wanataka kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya namna hiyo yanachoma mashavu ya kupumulia na kuvua ngozi ule ute unaoilinda. Na yanang'aa! Hilo ndilo lililoniudhi. Nilikuwa nimeyachota kwa uangalifu, nimeyachuja kwa kitambaa, nimeyasifu. Tiba yake haina ujanja: jaza, acha siku tatu, mwaga, sugua, jaza tena. Siki inasaidia kuharakisha. Nilirudia wiki tatu nzima kabla ya karatasi ya kupimia kushuka hadi 8, na matangi mawili yaliyobaki niliyafanyia hivyohivyo kabla hata sijanunua samaki.

Baada ya hapo nikadhani nimehitimu.

Vifo vya pili vilikuwa vya alfajiri. Nilikuwa nimeongeza furu kwenye tangi la pili kwa ajili ya mteja mmoja wa Ukerewe, mzee ambaye hataki kusikia habari za kambale. Saa 11 alfajiri nikatoka na tochi, nikawakuta furu wote juu, midomo imetokeza, wanapumua kwa haraka kama watu waliopanda mlima. Kumi walikuwa wamekwisha kufa. Kambale wa tangi la jirani, maji yaleyale, idadi kubwa zaidi, walikuwa chini wametulia.

Umeme ulikuwa umekatika usiku, pampu ya hewa imezimika. Hilo lilieleweka haraka. Lililonichukua muda kuelewa ni kwa nini alfajiri, na kwa nini furu peke yao. Maji yangu yalikuwa yameanza ukijani. Mchana vile vimea vidogo vya kijani hutoa oksijeni kwa msaada wa jua, usiku vinavuta oksijeni ileile vikishindana na samaki, hivyo kiwango hushuka taratibu usiku kucha na kufika chini kabisa karibu na mapambazuko. Tena sisi huku tuna kasoro ya kuzaliwa nayo: ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 kule pwani yanaweza kushika oksijeni kama miligramu 8.2 kwa lita. Hapa kwetu ni kama 7.2 tu. Yakipata joto yanashika kidogo zaidi. Kwa hiyo mtu wa Mwanza anayenakili idadi ya samaki kwa lita kutoka kwa mfugaji wa Dar es Salaam ameshajipunja kabla hajaanza.

Kambale naye ana kiungo chake juu ya mashavu, kimejikunja kama uyoga au matawi madogo, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Ndicho kinachomfanya asife sokoni. Na ndicho kilichoniponza.

Maana baada ya kuwaona furu wakifa midomo juu, nilianza kuogopa kila mdomo uliotokeza. Wiki mbili baadaye nikawaona kambale wa tangi la kwanza wanapanda mmoja mmoja, wanagusa uso wa maji, wanashuka na kuacha povu kidogo. Nikapiga kelele za oksijeni. Kijana wangu akafungua bomba la mjini, tukamwaga nusu ya tangi na kujaza upya kwa mpira. Ilikuwa saa 4 asubuhi. Saa 5 kasorobo walikuwa wanageuka matumbo juu.

Kifaranga wa kambale akishakua kidogo hupanda kuvuta hewa hata maji yakiwa mazuri kabisa. Ndivyo alivyoumbwa. Mwenye kupanda mara moja moja na kushuka hana shida yoyote. Shida ni wanapopanda wote kwa pamoja, mfululizo, au wanapobaki juu wamening'inia. Siku ile hapakuwa na ugonjwa wa kutibu. Dawa niliyoleta mwenyewe ndiyo iliyoua, maana maji ya bomba yana klorini. Inawekwa kwa faida yetu sisi wanywaji, na kiasi kisichomdhuru mtoto wa binadamu kinatosha kuunguza mashavu ya mtoto wa samaki. Siku hizi maji ya bomba yanalala kwenye simtank lisilo na mfuniko, pampu ya hewa ikiwa imewashwa, angalau siku nzima kabla ya kuingia tangini. Na sibadilishi zaidi ya robo kwa mara moja, labda pawe na balaa.

Yule mzee wa Ukerewe ndiye aliyenifungua macho, bila kukusudia. Alikuja kuchukua furu wake akanikuta nimenuna. Nikamweleza. Akauliza, "Walikufa saa ngapi, mama?" Nikamjibu. Akatikisa kichwa, akasema chambo kikifia ziwani wao huuliza hilo kwanza, maana kilichokufa mara tu baada ya kutundikwa kimeuawa na mkono, na kilichokufa usiku wa manane kimeuawa na maji. Halafu akaanza kulalamikia bei.

Jioni ile nikachukua daftari la mkopo la dukani, nikageuza upande wa nyuma, nikaanza kuandika vifo: tangi, idadi, saa. Nimeandika hivyo mpaka leo, na sijaona kipimo cha dukani kinachoshinda daftari lile. Wanaokufa alfajiri wamekosa hewa. Wanaokufa ndani ya saa moja baada ya maji mapya wameuawa na hayo maji mapya, iwe ni klorini au tofauti kubwa ya joto. Wanaokufa wawili leo, watatu kesho, saa zozote, nawatazama ngozi na mapezi, kwa sababu huo huenda ni ugonjwa. Wanaokufa alasiri walinichukua muda mrefu kuliko wote.

Ilikuwa Agosti, pepo za kusi zinavuma, mitumbwi haitoki. Nilikuwa na oda ya vifaranga 1,800 waliokaa tangi la tatu wakisubiri wenyewe. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ziwa limechafuka. Nikajisemea, kwa kuwa wanasubiri basi wale, wanenepe, mteja afurahi. Nikaongeza chakula. Siku ya nne, saa 9 alasiri, jua limetoka vizuri, pampu inafanya kazi, maji yana ukijani mzuri wa majani ya maboga. Wakaanza kuzunguka kwa upande, mashavu yamevimba na kuwa mekundu sana. Mpaka saa 12 jioni nilikuwa nimepoteza zaidi ya nusu.

Safari hii nilikuwa na kipimo cha matone nilicholetewa kutoka Dar: unaweka maji kwenye kichupa, unadondosha, unasubiri, rangi ya njano ina maana hakuna amonia, kijani kina maana ipo. Changu kilikuwa cha kijani cha mwisho kabisa kwenye kadi. pH ilikuwa 9.

Hapa inabidi nieleze polepole, kwa sababu wengi huishia njiani. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu, nyingi ikitokana na protini ya chakula. Makadirio ya wafugaji ni kwamba kilo 1 ya chakula cha protini nyingi huacha takriban gramu 30 za amonia majini. Mimi nilikuwa natupia karibu nusu kilo kwa siku kwenye lita 3,000, siku nne, bila kubadilisha maji hata ndoo moja. Piga hesabu mwenyewe. Lakini amonia iko ya aina mbili ndani ya maji yaleyale: moja karibu haina madhara, nyingine ni sumu kali, na kinachoamua mgawanyo wao ni pH na joto. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, ile ya sumu haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8 ni kama asilimia 5. pH ikifika 9 ni zaidi ya theluthi moja. Yaani amonia ileile iliyolala kwa amani asubuhi inaweza kugeuka sumu ifikapo alasiri bila mtu kuongeza kitu.

Na ni nini kinachopandisha pH alasiri? Ule ukijani wangu wa majani ya maboga. Mchana unapovuta hewa ya ukaa kutoka majini kujitengenezea chakula, uchachu unapungua na pH inapanda, kilele chake kikiwa alasiri. Usiku inashuka tena. Ndiyo maana nilipopima asubuhi iliyofuata nikapata 7.8 na kijana wangu akasema kipimo kimeharibika.

Nilifanya nini siku ile? Nilichopaswa kufanya nilikifanya kwa kuchelewa: nikakata chakula kabisa, nikatoa robo ya maji na kuweka yaliyolala, saa tatu baadaye robo nyingine, nikaweka kivuli cha makuti juu ya tangi. Kukata chakula ni hatua isiyo na gharama hata ya shilingi, na ndiyo inayotushinda, kwa sababu mfugaji anaona kumnyima samaki mgonjwa chakula ni ukatili. Kambale wa kidole anakaa siku mbili tatu bila kula na hana habari. Mwenye kuumwa ni mimi ninayemtazama.

Baada ya msiba huo nikatengeneza kichujio: pipa la plastiki, kokoto chini, juu yake magunia mawili ya vifuniko vya chupa za soda, maji yanapita kwa pampu ndogo na kurudi tangini. Vifuniko havichuji kitu. Kazi yake ni kuwapa makao bakteria wanaokula amonia. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa viwango vya matangi yetu haina shida kubwa. Kichujio kipya kinahitaji wiki nne hadi sita kukomaa, na kundi la pili hukawia kuliko la kwanza. Katikati hapo nitriti hupanda.

Nitriti ina alama yake. Inaingia kwenye damu kupitia mashavu na kuigeuza isiweze kubeba oksijeni, kisha damu inakuwa na rangi ya kahawia. Fungua shavu la samaki aliyekufa punde: likiwa la rangi ya chai ya rangi iliyokolea badala ya nyekundu, usihangaike na pampu ya hewa, hewa iko tele na damu haiwezi kuibeba. Na ndipo chumvi inapoingia. Kloridi ya chumvi hushindana na nitriti mlangoni, pale kwenye shavu, na hushinda. Kilo 1 ya chumvi ya mawe kwa lita 1,000 inatosha sana, na kambale hata haoni tofauti. Nilikutana na nitriti mara ya pili kichujio kikiwa kimekomaa kabisa, nikashangaa, mpaka kijana wangu aliposema kwa fahari kwamba Jumamosi ameviosha vile vifuniko vyote kwa maji ya bomba na sabuni, vimetakata. Alikuwa ameua wafanyakazi wangu wote kwa siku moja. Sikumfokea. Vilikuwa vimetakata kweli.

Usafiri niuseme kwa ufupi. Chambo changu huondoka kwenye madumu ya lita 20 yaliyokatwa dirisha juu, mawili kwa bodaboda. Samaki wamefunga kula tangu jana yake, ili wasichafue maji njiani. Dumu linajazwa nusu tu, kwa sababu kambale anataka nafasi ya kupanda kuvuta hewa. Mteja mmoja aliwahi kujaza mpaka shingoni akafunga kizibo asimwage maji kwenye daladala, akafika na dumu la samaki waliokufa kwa kukosa hewa wakiwa ndani ya maji. Akifika mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, mtu achanganye maji ya ziwa kidogo kidogo kwa dakika 15 ili joto lilingane, kisha awatoe kwa wavu mdogo. Maji ya dumu ayamwage ufukweni, asiyapeleke kwenye mtumbwi.

Mwezi uliopita daftari lilinitia wazimu. Tangi la kwanza likawa linapungua. Ninahesabu jioni 620, asubuhi 600, kesho yake 585. Hakuna maiti hata moja. Hakuna saa ya kuandika. Nikapima amonia: njano. pH 7.6. Nitriti hakuna. Nikabadilisha maji hata hivyo. Nikaweka chumvi. Nikamshuku mnandi, yule ndege mla samaki, nikafunika kwa wavu. Wakazidi kupungua. Nikaanza kumtazama kijana wangu kwa jicho ambalo hakustahili.

Usiku wa tano nikakaa kwenye ndoo na tochi. Saa 4 usiku nikaona kitu chepesi kinaelea pembeni ya tangi, nikakiopoa. Kilikuwa kichwa cha kambale, kimekatika vizuri nyuma ya mashavu, sharubu zote zipo. Cha pili kilikuwa chini. Nikatumbukiza wavu, nikamtoa kambale mmoja mkubwa mara mbili ya wenzake, tumbo limejaa kama mtungi, na mdomoni ametokeza kichwa cha nduguye ambaye alikuwa ameanza kummeza kwa mkia.

Maji yangu yalikuwa mazuri. Asubuhi nikatoboa beseni la plastiki matundu ya ukubwa mmoja kwa msumari uliopashwa moto, tukachekecha tangi zima kama mchele: wadogo wakapita, wakubwa wakabaki. Wakubwa walikuwa 41. Mzee wa Ukerewe akawanunua wote siku hiyohiyo, yeye asiyetaka kusikia habari za kambale, akasema hao ndio wenye hasira anayoitaka kwenye ndoano.